Chale za Shaba: Istilahi za Chapa za Nakshi za Enzi ya Baroko

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya uundaji wa istilahi za Kiswahili, taaluma za sayansi, sheria na utawala zimepewa nafasi kubwa, na sababu zake zinaeleweka. Sanaa za mkono zimeachwa nyuma, kana kwamba msamiati wake umekwisha kukamilika, au hauna haja ya kukamilishwa. Makala haya yanashughulikia kipengele kimoja cha historia ya sanaa ya Ulaya ambacho kinadhihirisha hasara ya kuacha huko, nacho ni chapa za nakshi za enzi ya Baroko. Hizi ni karatasi zilizopigwa chapa kutoka katika mabamba ya shaba, hasa katika karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18, zikionyesha majani, maua, ngao za mapambo, vinyago, dari, meko, vyombo vya fedha na fanicha, ili mafundi wa kazi mbalimbali waziige.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba neno mchoro, ambalo leo hutumiwa kuzitaja chapa hizo zote bila kubagua, linaficha tofauti ambayo pasipo hiyo chapa zenyewe hazieleweki. Bamba moja limekatwa kwa chuma. Jingine limeliwa na asidi. Kinachofichwa na neno hilo ni kazi ya mkono, muda uliotumika, bei, na hatimaye sababu ya karatasi hizo kuwapo. Inadaiwa vilevile kwamba Kiswahili tayari kina vitenzi vya kuitaja tofauti hiyo kwa usahihi, na kwamba kinachokosekana ni utaratibu wa kuvitumia.

2.0 Kazi mbili, chapa moja

Inafaa kuanza na yale ambayo njia hizi mbili zinachangia. Katika zote mbili, mstari unaoonekana kwenye karatasi ulikuwa kwanza mfuo ndani ya shaba. Fundi hulipaka bamba wino mzito, akausugua mpaka uingie katika mifuo, kisha hulipangusa uso wa bamba hadi ubaki safi. Karatasi iliyoloweshwa huwekwa juu yake, na vyote viwili hupitishwa baina ya rola mbili za mtambo zinazogandamiza kwa nguvu. Karatasi husukumwa hadi ndani ya mifuo na kuunyanyua wino uliomo. Hali hii ni kinyume cha muhuri wa ofisini au ubao wa kupigia chapa nguo, ambapo wino hukaa juu ya sehemu iliyoinuka.

Tofauti huanza katika namna mfuo unavyopatikana. Katika njia ya kwanza fundi hutumia burini, kijichuma cha ncha kali chenye mpini wa mviringo unaotulia katika kiganja. Husukuma burini mbele, na shaba hutoka katika unyuzi mwembamba. Akitaka mstari uliopinda, aghalabu hulizungusha bamba lenyewe juu ya kito kidogo cha ngozi huku mkono wenye chuma ukibaki karibu mahali pamoja. Akiongeza nguvu mstari hunenepa; akipunguza hukonda. Kilele cha ustadi huu ni bamba la Claude Mellan la mwaka 1649, linaloonyesha uso wa Kristo katika kitambaa cha Veronika. Picha nzima imefanywa kwa mstari mmoja tu, ulioanzia kwenye ncha ya pua na kuzunguka nje bila kukatika. Macho, ndevu, miiba na damu vyote vimetokana na unene na wembamba wa mstari huo mmoja. Kazi ya aina hii hudai miaka ya mafunzo na subira ya kila siku.

Katika njia ya pili, bamba hupakwa tabaka jembamba linaloweza kuizuia asidi. Fundi huchora juu ya tabaka hilo kwa sindano, akilikwangua tu bila kuikata shaba. Mkono wake huenda kwa wepesi kama wa mtu anayeandika kwa kalamu. Kisha asidi hufika pale penye mikwaruzo na kuila shaba. Abraham Bosse, aliyechapisha mjini Paris mwaka 1645 kitabu cha mwongozo kuhusu njia zote mbili, ameeleza kiowevu kilichotengenezwa kwa kuchemsha siki pamoja na chumvi, chumvi ya amonia na kutu ya shaba, ambacho humwagwa mara kwa mara juu ya bamba lililoinamishwa. Mistari inayotakiwa kubaki myepesi hufunikwa mapema kwa mchanganyiko wa shahamu na mafuta, na mingine huachwa iendelee kuliwa. Kwa hiyo katika njia ya kwanza kina cha mstari hutokana na nguvu ya mkono, ilhali katika njia ya pili hutokana na muda.

Tofauti hii huacha alama. Mstari wa burini huanza kwa wembamba, hunenepa katikati na kumalizikia katika ncha kali. Mstari wa asidi, kwa kawaida, una upana ulio sawa, kingo zenye mkwaruzo kidogo, na miisho butu. Msomaji aliyefunzwa anaweza kuziona alama hizo, lakini mwanafunzi ambaye lugha yake ya darasani ina neno moja tu hana mahali pa kuziweka.

3.0 Njia ya kazi na maana ya kazi

Yaweza kuulizwa kama jambo hili lina uzito wowote nje ya karakana. Jibu linapatikana katika chapa za nakshi zenyewe. Jean Le Pautre (1618–1682), aliyefunzwa kazi na fundi seremala Adam Philippon, aliacha mabamba zaidi ya 2000, mengi yakiwa ya mapambo, yaliyouzwa kwa mafungu, aghalabu ya karatasi sita sita. Hakuna mtu awezaye kukata idadi hiyo kwa burini peke yake katika umri mmoja. Wingi wa kazi ya Le Pautre ni tokeo la asidi. Majani yake mazito ya akantho yanayojikunja na kufurika nje ya fremu, watoto wenye mabawa, na vivuli vyake vilivyosongamana vina mwendo wa mkono uliokuwa ukikimbia. Hali kadhalika Stefano della Bella (1610–1664) wa Firenze, aliyefanya kazi Paris baina ya mwaka 1639 na 1650, alichora ngao za mapambo na misururu ya majani kwa sindano nyepesi kiasi kwamba nakshi huonekana kama inapumua. Anayeziita kazi hizi na uso wa Mellan kwa jina moja amefuta sababu ya kutofautiana kwake.

Jean Berain (1640–1711) anatoa mfano mwingine. Alizaliwa katika ukoo wa mafundi wa bunduki, na mwaka 1659 alitoa mfululizo wa chapa za mapambo ya kufaa kazi ya mafundi hao. Hapa uhusiano wa chuma na karatasi ni wa pekee. Fundi wa bunduki hukata nakshi katika bamba la chuma la silaha, na Berain akakata nakshi katika bamba la shaba ili kuipata karatasi ambayo fundi mwingine angeitazama na kukata tena katika chuma. Nakshi ilisafiri kutoka metali hadi karatasi na kurudi katika metali. Mwaka 1674 Berain aliteuliwa kuwa msanifu wa mapambo wa mfalme Louis wa 14, na mtindo wake ukaenea mbali kwa njia ya chapa. Daniel Marot naye, Mprotestanti aliyeihama Ufaransa katika kipindi cha kufutwa kwa Amri ya Nantes mwaka 1685, aliipeleka lugha hiyo ya mapambo Uholanzi, alikomtumikia William wa Orange katika jumba la Het Loo, na baadaye Uingereza.

Neno lugha halijatumiwa hapa kwa kupamba tu. Karatasi nyingi za nakshi za enzi hiyo zina sifa inayopaswa kumvutia mwanaisimu: nusu ya kushoto na nusu ya kulia hazifanani. Dari inaanza kwa namna moja upande mmoja na kwa namna nyingine upande wa pili, au meza moja ina miguu ya aina mbili. Mchoraji hakutazamia kwamba meza ya namna hiyo itengenezwe. Alimpa fundi machaguo mawili katika nafasi ya karatasi moja, na fundi alitazamiwa kuchagua upande mmoja na kuukamilisha kwa kuugeuza. Chapa ya nakshi, kwa hiyo, inakaribiana zaidi na sarufi kuliko matini. Inatoa maumbo na kanuni za kuyaunganisha, na sentensi zenyewe hutungwa na wengine katika mbao, plasta, fedha na hariri. Kwa kuwa ilikusudiwa kutumika, ilipaswa kuwa nyingi na ya bei ambayo karakana ingeimudu. Asidi ndiyo iliyowezesha sarufi hiyo kuenea kwa kiasi kile.

4.0 Jinsi lugha za Ulaya zilivyoipa kazi hii majina

Kitabu cha Bosse cha mwaka 1645 kilipita upesi katika lugha nyingine. Tafsiri ya Kijerumani ilitolewa Nuremberg mwaka 1652, na mwaka 1662 William Faithorne alitoa ya Kiingereza mjini London. Kila lugha ilikabili swali lilelile linalokikabili Kiswahili leo, na majibu yake hayakufanana.

Kifaransa na Kiitaliano viliita njia ya pili kwa jina la kiowevu: eau-forte na acquaforte, yaani maji makali. Kijerumani kilipendelea radieren, kitenzi kitokanacho na Kilatini chenye maana ya kukwangua, na hivyo kikaitaja kazi ya sindano. Kiholanzi kilichukua etsen, na Kiingereza kikalifuata neno hilo kutoka huko. Asili yake ni kitenzi cha Kijerumani cha usababishi, kilichoundwa kutokana na kitenzi cha kula. Kwa maneno mengine, ni kulisha: fundi huilisha asidi bamba lake. Kazi ni moja, lakini lugha moja imetazama kilichomo katika chombo, nyingine imetazama kinachotangulia, na ya tatu imetazama kinachotendeka shabani.

Kutokana na mfano huu yanapatikana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba istilahi nzuri ya kazi ya mkono huchagua hatua moja iliyo dhahiri katika kazi hiyo na kuitaja kwa neno la kawaida. Hakuna lugha kati ya hizi iliyobuni neno geni lisilo na mizizi miongoni mwa wasemaji wake. La pili ni kwamba hatua inayochaguliwa hailazimiki kuwa ileile kila mahali. Kuifuata Kifaransa kikiki, kwa mfano, na kusema chapa ya maji makali, kungempeleka msomaji wa Kiswahili kilabuni kabla hajafika karakanani.

5.0 Rasilimali za Kiswahili

Kitenzi kuchora kina historia inayostahili kukumbukwa. Kamusi za awali za Kiswahili ziliweka kuchonga na kukata nakshi katika kitu kigumu miongoni mwa maana zake. Mlango uliweza kuchorwa, na maana yake ni kwamba ulikatwa. Kadiri shule, karatasi na penseli zilivyoenea, maana ya kutia mistari juu ya uso wa kitu iliitawala ile ya kuukata uso huo. Leo mwanafunzi akisoma kwamba Mellan alichora uso wa Kristo katika shaba, hufikiria kalamu. Neno halina kosa; limehama. Ni vigumu kulirudisha lilikotoka, na si lazima kufanya hivyo.

Neno nakshi nalo, ambalo lina asili ya Kiarabu, hutaja pambo lenyewe bila kujali limefanywaje. Kuna nakshi ya mlango wa Lamu au Unguja, nakshi ya plasta na nakshi ya nguo. Upana huu unalifanya lifae kutaja kusudi la chapa hizi. Chapa ya nakshi ni karatasi iliyochapwa ili kuonyesha pambo la kuigwa, bila kujali bamba lake limetayarishwa kwa chuma au kwa asidi.

Kwa familia nzima ya chapa zinazotokana na mifuo, inapendekezwa istilahi chapa ya chale. Chale ni mikato midogo katika ngozi, na katika uganga wa jadi dawa husuguliwa ndani ya mikato hiyo. Ulinganifu na bamba la shaba ni kamili: uso hukatwa, kitu husuguliwa hadi kiingie, kilichobaki juu hupanguswa, na kilichomo ndani ndicho kinachofanya kazi. Msemaji wa Kiswahili anayesikia chapa ya chale anaielewa kanuni ya uchapaji huo kabla ya kuelezwa. Chapa zinazotokana na sehemu iliyoinuka, kama zile za ubao, zinaweza kuitwa chapa za mwinuko.

Ndani ya chapa za chale, njia ya burini ipewe kitenzi kuchonga, nazo ziitwe chale za kuchongwa. Njia ya asidi ipewe kitenzi kulika, nazo ziitwe chale za kulika. Kitenzi hiki kina matumizi thabiti katika lugha ya kila siku: ngazi ya jiwe hulika kwa nyayo, kisu hulika kwa kunolewa, na chuma huliwa na kutu. Kauli yake ya kutendeka inabeba jambo lililo muhimu katika njia hii, yaani kwamba mkono wa fundi umeondoka na kitu kingine kinaendelea na kazi. Kulisha, kama walivyofanya Wajerumani, kungewezekana kisarufi, lakini ulishaji katika Kiswahili umekwisha kushikamana na watoto na mifugo. Kuhusu chombo, hakuna ubaya wa kukopa burini, kwani jina la kifaa kigeni huweza kusafiri pamoja na kifaa chenyewe.

Mfumo huu unajaribiwa vizuri zaidi katika sentensi. Mathalani: chapa hii ya nakshi ni ya chale za kulika, na vivuli vya chini ya ngao vimekolezwa kwa chale za kuchongwa. Sentensi hiyo inataja kusudi, familia na njia, na haina neno hata moja ambalo mtu wa kawaida hajapata kulisikia.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza laweza kutoka katika historia yenyewe. Mabamba mengi ya enzi ya Baroko yaliunganisha njia zote mbili: fundi alianza kwa asidi ili kupata umbo upesi, kisha akamalizia kwa burini. Aidha, Bosse aliwafundisha watumiaji wa asidi waige usafi wa mstari wa burini. Jacques Callot (1592–1635), ambaye Bosse alimwandama, alitumia vanishi ngumu ya mafundi wa ala za muziki badala ya tabaka la nta, pamoja na sindano iliyokatwa mshazari, ili mstari wa asidi uweze kunenepa na kukonda. Ikiwa mafundi wenyewe walijitahidi kuifuta tofauti, kwa nini lugha iisisitize? Jibu ni kwamba kuiga hakuwezi kuelezwa pasipo majina mawili. Kusema kwamba Callot aliufanya mchoro ufanane na mchoro ni kutosema lolote. Bamba lenye mchanganyiko ndilo linalohitaji istilahi zaidi ya bamba lingine lolote, kwa kuwa msomaji anataka kujua ni wapi asidi iliachia na burini ikapokea.

Pingamizi la pili linahusu thamani ya somo. Wapo wanaoona kwamba chapa za mapambo ni kazi ya pembeni, isiyostahili juhudi za lugha. Dharau hiyo ni kongwe. Katika utangulizi wa mihadhara ya Akademia ya Paris ya mwaka 1667, André Félibien aliyapanga maudhui ya uchoraji kwa daraja, akaweka maua, matunda na kome chini, na historia na visa vya mafumbo juu. Hata hivyo amri ya kifalme iliyotolewa Saint-Jean-de-Luz mwaka 1660 ilikwisha kutangaza kwamba kazi ya kukata mabamba ya chapa ni sanaa huru inayotegemea fikra za mtendaji wake, na kwamba haitawekwa chini ya kanuni za vyama vya mafundi. Amri hiyo haikuyatenga mapambo. Zaidi ya hayo, anayetaka kujua nyumba, vyombo na mavazi ya Ulaya ya karne ya 17 vilipataje sura moja katika miji iliyo mbalimbali, hataipata sababu kwa kutazama picha za vita peke yake. Ataikuta katika karatasi sita sita za Le Pautre.

Pingamizi la tatu ni la wale wanaopendelea kukopa istilahi zote moja kwa moja, kwa hoja kwamba wasomi hatimaye watasoma vitabu vya kigeni. Ni kweli kwamba leo makumbusho kama Rijksmuseum la Amsterdam na Metropolitan la New York yameweka picha za chapa nyingi katika mtandao, na mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuzitazama bila malipo. Lakini jambo hilo linaongeza haja ya istilahi badala ya kuipunguza. Zamani mwanafunzi hakuziona karatasi hizo, na ukosefu wa maneno haukumsumbua. Sasa anaziona kwa karibu hadi kwenye ncha ya mstari, kisha anapotaka kuandika alichokiona kwa Kiswahili, neno lililopo linamrudisha kwenye mchoro. Jicho limetangulia lugha, na deni hilo ni la wanataaluma wa lugha kulilipa.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba chapa za nakshi za enzi ya Baroko haziwezi kuelezwa kikamilifu bila kutenganisha chale za kuchongwa na chale za kulika, na kwamba Kiswahili kinaweza kuzitenganisha kwa vitenzi vyake vyenyewe. Kanuni iliyofuatwa ina mawanda mapana zaidi ya somo hili: istilahi ya kazi ya mkono itafutwe katika tendo la mkono kabla ya kutafutwa katika kamusi ya lugha nyingine.

Utekelezaji wa kanuni hiyo hauwezi kumalizwa na vikao vya istilahi peke yao. Kukata shaba kwa burini kulianza Ulaya katika karne ya 15 kwa mafundi wa dhahabu, na masonara wa Unguja, Mombasa na Lamu hukata nakshi katika metali hadi leo, kama wachongaji wa milango wanavyoikata katika mbao. Maneno wanayoyatumia kutaja mkato mwembamba na mpana, kina na usafi wa mstari, hayajakusanywa ipasavyo. Idara za Kiswahili zinazowatuma wanafunzi wake kukusanya methali na tenzi zingefaa kuwatuma pia katika karakana hizo, wakiwa na daftari, kabla mafundi wazee hawajaondoka na msamiati wao.